Magari makuukuu yana elimu, tusiyauze kwa kilo

Zipo methali mbili za Kiswahili ambazo sisi walimu hupenda kuwatahini wanafunzi wetu. Ya kwanza husema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili hutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa miaka mingi nimezifundisha methali hizi darasani, nimezitungia maswali na kuyasahihisha majibu yake, lakini nakiri kwamba sikuzielewa barabara hadi siku ile ndugu zangu walipomwita nyumbani mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu aje kulikadiria gari la marehemu baba yetu.

Gari lenyewe ni Peugeot 404, nalo rangi yake ya awali ilikuwa nyeupe kama maziwa. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi si mbali na mji wa Eldoret. Alilinunua mwaka wa 1981 likiwa tayari limetumiwa na mtu mwingine, kwa mkopo wa chama cha akiba cha walimu. Siku hizo magari ya watu binafsi pale kwetu yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa sababu hiyo gari hilo halikuwa la baba peke yake. Jumamosi lilimbeba bibi arusi, Jumapili usiku likambeba mgonjwa, na Jumatatu asubuhi likabeba karatasi za mitihani. Kitindamimba wetu alizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma mwaka wa 1986, usiku wa mvua kubwa, kabla ya baba na mama kufika hospitalini. Baba alipofariki mwaka wa 2008, gari liliegeshwa chini ya mkaratusi, likabaki hapo kwa miaka kumi na mitatu. Kuku walitaga ndani yake na panya wakala nyaya.

Mfanyabiashara yule hakufungua hata boneti. Alilizunguka mara moja, akaugonga mlango kwa ukucha kama mtu anayechagua nazi sokoni, kisha akataja bei ya kila kilo. Ndugu zangu waliiona kuwa bei nzuri. Mama yetu, ambaye kwa miaka mingi alizoea kulitania gari hilo kwa kuliita mke mwenziwe, alikaa kimya kwa muda. Hatimaye aliuliza swali moja tu: "Na hicho kiti cha nyuma, nacho ni kilo ngapi?"

Hakuna aliyemjibu. Jioni ile nilijitolea kulichukua gari lile na kulifufua. Ndugu zangu walicheka, na mmoja wao akasema kwamba yamkini elimu nyingi imenidhuru.

Mpenzi msomaji, sikuandika makala haya ili kusimulia habari za nyumbani kwetu. Nataka kueleza kwamba kazi ile ya kulifufua gari kuukuu, niliyoianza kwa ajili ya mapenzi ya mwana kwa wazazi wake, ilinifunza jambo ambalo mimi kama mtaalamu wa lugha nilipaswa kulijua zamani. Ndani ya chuma kile kilichotaka kupimwa kwa kilo mlikuwa na elimu kubwa isiyoandikwa popote, nayo elimu hiyo imo mbioni kutoweka pamoja na wazee walio nayo.

Kwanza inafaa vijana waelezwe kwa nini Peugeot ilipendwa hivyo katika nchi hii. Gari la 404 lilianza kuundwa Ufaransa mwaka wa 1960, na umbo lake lilichorwa na wasanii wa kampuni ya Pininfarina ya Italia. Sifa zake hapa kwetu, hata hivyo, zilitokana na matope na vumbi kuliko umbo. Katika mashindano ya Safari Rally, gari la aina hiyo lilishinda mwaka wa 1963 likiendeshwa na Nick Nowicki, likashinda tena mwaka wa 1966 na wa 1967 likiwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na mwaka wa 1968 Nowicki akalirudisha kileleni. Katika mwaka wa 1963 na wa 1968, magari yaliyofika mwisho wa safari yalikuwa saba tu. Mwalimu au mkulima aliyesikia habari hizo redioni hakuhitaji tangazo jingine la biashara.

Pamoja na sifa hizo, ilikuwapo sababu ya kiufundi ambayo wengi hatukuijua. Ndani ya injini ya 404, pistoni hazipandi na kushuka katika matundu yaliyochongwa moja kwa moja kwenye bloku. Hupanda na kushuka ndani ya mikebe minne ya chuma, ambayo huzungukwa na maji ya kupoza joto. Mikebe hiyo ikilika, fundi huichomoa na kutia mingine pamoja na pistoni zake, bila ya kulazimika kuipeleka bloku nzima kwenye mashine kubwa ya kuchonga. Kwa hivyo injini iliyochoka iliweza kurudishiwa ujana wake chini ya mwembe, kwa spana, jeki na subira. Gari lililowezekana kufunguliwa na kufungwa namna hii lilikuwa darasa, na kila gereji ya mjini ilikuwa na wanagenzi waliohitimu kwalo.

Wala haikuwa Peugeot peke yake. Mwaka wa 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally pamoja na nduguye Jaswant katika gari la Volvo ambalo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika, nao wakalinunua na kulitayarisha. Kampuni kubwa za ng'ambo zilileta magari yaliyong'aa, lakini ushindi ulikwenda kwa mtu aliyeijua injini yake kama ajuavyo vidole vyake. Sioni mfano bora zaidi wa kuwapa wanafunzi wanaodhani kwamba maarifa hununuliwa pamoja na chombo.

Nilianza kazi yangu kwa kutafuta fundi. Nilizunguka gereji kadhaa za Nairobi, na katika kila gereji vijana walinitazama kwa huruma. Walinieleza kwamba wao huchomeka kompyuta kwenye gari, kompyuta ikawaambia kilichoharibika, nao wakakibadilisha. Katika 404 hakuna mahali pa kuchomeka kitu. Mwishowe nilielekezwa kwa mzee mmoja katika eneo la viwanda vidogo la Kariobangi, ambaye alianza kazi akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1960, katika gereji ya fundi wa Kisikh, au Kalasinga kama watu walivyozoea kuwaita. Nilipojitambulisha kuwa ni mhadhiri mwenye shahada ya uzamifu, alitabasamu akasema, "Karibu daktari. Lakini mgonjwa huyu hatibiwi kwa kitabu."

Siku ya kwanza alinisahihisha lugha. Nilikuwa nimemwambia kwamba nataka anitengenezee gari. Alitikisa kichwa. "Kutengeneza ni kufanya liende," akasema. "Hili hatulitengenezi, mwalimu, tunalirudisha." Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anayetengeneza huuliza jinsi gari litakavyokwenda leo, naye aweza kutia chochote kitakachosaidia. Anayelirudisha huuliza jinsi lilivyokuwa, na hana ruhusa ya kutia mambo yake mwenyewe. Wasomi wanaohariri miswada ya kale ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu huifahamu sheria hiyo vyema. Mhariri mwaminifu haongezi ubeti kwa sababu anaona utenzi ungependeza zaidi. Nilipopendekeza tutie redio ya kisasa kwenye dashibodi, mzee alinitazama jinsi ninavyomtazama mwanafunzi aliyenakili kazi ya mwenzake.

Kwa muda wa miezi mingi nilikwenda gerejini kila Jumamosi, nikavaa ovaroli na kushika kazi za chini. Ukitaka kujua raha ya kazi hii, ishike karatasi ya msasa. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu hadi nyasi zikaonekana. Fundi wa bati aliikata ile sehemu mbovu, akachomelea bati jipya, akalinyoosha kwa nyundo ndogo. Kisha tukaanza kusugua: kwanza kwa msasa mkali ulio kavu, halafu kwa msasa laini na maji, tukapaka rangi ya kwanza, tukaisugua tena, tukapaka tena. Baada ya saa nne hivi mikono huuma, lakini ukipitisha kiganja juu ya mlango ukiwa umefumba macho, usihisi hata mahali pamoja palipokwaruza, hufurahi furaha ambayo sijapata kuiona katika mkutano wowote wa wahadhiri.

Hapo ndipo lugha iliponijia upya. Msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti wenye majani ya kukwaruza ambayo mafundi walitumia kusugulia mbao. Karatasi ilipokuja, ilirithi jina la jani. Leo mwalimu humwambia mwanafunzi wake akaipige msasa insha yake, na huenda wote wawili hawajawahi kuuona mti huo. Usukani nao ni neno la mabaharia lililotujia kutoka Kiarabu. Watu wa pwani walilitumia kwa kifaa cha kuongozea chombo majini karne nyingi kabla ya motokaa kushuka bandarini Mombasa. Parafujo tuliachiwa na Wareno, neno gari lenyewe tulilipokea kutoka lugha za Bara Hindi, na breki, klachi, plagi na kabureta zikaja na Mwingereza. Ukifungua boneti ya gari kuukuu na kusikiliza mafundi wakizungumza, unaisikia historia nzima ya biashara na utawala katika Afrika Mashariki. Niliyaandika maneno hayo yote katika daftari langu kwa bidii, zaidi ya mia mbili, na nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Siku moja mzee aliniuliza swali lililonishangaza. Alikuwa ameishika kabureta mkononi, akainua macho na kusema, "Gari hili litalala wapi?" Nilidhani anaulizia usalama wake. Kumbe alikuwa akiuliza habari za hewa. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Pistoni inaposhuka huvuta hewa, hewa hiyo hupitia kwenye koo jembamba la kabureta kwa kasi, kasi hiyo hupunguza kani ya hewa mahali hapo, na petroli hufyonzwa kupitia tundu dogo sana. Sasa, kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Tundu linalofaa Mombasa litamimina petroli nyingi mno kupita kiasi ukifika Eldoret, ambako ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na gari litatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Magari ya siku hizi hujirekebisha yenyewe kwa kompyuta. Kabureta haijirekebishi. Lazima fundi ajue mahali gari litakapoishi, kisha alichagulie tundu linalostahili. Nilifundishwa kani ya hewa katika shule ya upili kwa Kiingereza, nikaikariri na kufaulu mtihani. Niliielewa nikiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, kwa Kiswahili, katika gereji ya Kariobangi.

Masaibu yalitupata mwezi wa Oktoba mwaka wa 2022. Tulikuwa tumeishusha injini na kuifungua yote, kila kipande kimeoshwa na kutiwa katika magunia manne, mzee alipopatwa na kiharusi. Alinusurika, alhamdulillahi, lakini mkono wake wa kulia ulikufa ganzi, na jamaa zake wakamrudisha nyumbani kwao Murang'a. Nilibaki na magunia manne. Fundi wa kwanza niliyemwita alivitazama vile vipande akaniambia nitafute injini ya gari jingine. Wa pili alitoa ushauri uo huo. Wa tatu alijaribu, akakosea mpangilio, na nikamwomba aache kabla ya kuharibu.

Usiku huo nilifungua daftari langu. Nilikuta asili ya neno parafujo. Nilikuta ngeli ya kabureta na namna mafundi wanavyounda wingi wa plagi. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja ulioeleza ni nati ipi hukazwa kwanza, wala ni kipimo gani kinachostahili baina ya vali na kile kinachoisukuma, wala fundi asikilize nini ili ajue kwamba kipimo hicho kimepotoka. Nilikuwa nimeyakusanya majina ya vitu na kuuacha ujuzi wenyewe. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nilikuwa na daftari, na mali ilikuwa ikiisha vilevile. Sijapata kuona aibu ya kitaaluma kama ile.

Katika gereji ya mzee alikuwapo mwanagenzi mmoja, msichana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye wenzake walimtania kwamba amekuja kutafuta mchumba. Yeye ndiye aliyenipa wazo. Alisema, "Mwalimu, Babu ameumwa mkono. Hajaumwa kichwa." Wakati wa likizo ya Desemba tulikodi pikapu, tukayapakia magunia manne, tukaenda Murang'a. Tulitandika turubai mbele ya nyumba. Mzee alikaa kwenye kiti, akawa anapokea kila kipande kwa mkono wa kushoto, anakipapasa, kisha anasema. "Hiki ni cha silinda ya pili, tazama kilivyolika upande mmoja. Kifuniko cha juu usikikaze mara moja. Anza na bolti za katikati, uende nje ukizunguka, kidogo kidogo, kisha urudi tena mwanzo. Ukianza pembeni kitapinda." Tulikaa siku nne. Msichana yule aliandika kila neno, akachora kila umbo, akalijaza daftari la kurasa 96 na kuanza la pili. Aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha mzee aliyofundishiwa na Kalasinga wake, na ndiyo aliyowafundishia wengine kwa zaidi ya miaka hamsini.

Injini ilifungwa na msichana huyo, akisoma daftari kama padri asomavyo misale. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2023 tuliiwasha. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, kisha ikanguruma. Nilimpigia mzee simu, nikaisogeza karibu na boneti. Nilitazamia pongezi. Alisikiliza kwa muda wa dakika nzima, halafu akasema, "Tapeti ya silinda ya tatu inalia. Zimeni, mfungue tena." Tulipopima tulikuta amesema kweli.

Najua kwamba msomaji mkali ana maswali yake, na ni haki yake. Ataniuliza kama hii si anasa ya watu walioshiba, katika nchi ambayo watoto wengine hukosa karo. Swali hilo lina uzito. Fedha nilizotumia ni nyingi, na sitaitaja jumla yake hapa kwa sababu mke wangu pia husoma gazeti hili. Zipo hafla za magari ya kale, kama yale maonyesho ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong na mashindano ya magari ya kale ya Safari yaliyoanza mwaka wa 2003, ambazo mtu wa kawaida huziona kuwa michezo ya matajiri na wageni. Lakini elimu ninayoizungumzia haimo katika hafla. Imo Kariobangi, imo Kirinyaga Road ambako wazee wengi bado huita Grogan, imo katika kila kituo cha mafundi wa jua kali, na mwenye nayo aghalabu hana gari.

Atauliza pia kama kutamani ya kale si kujidanganya. Hapa nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Safari Rally ya kwanza, ya mwaka wa 1953, iliandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, wakati Kenya ikiwa katika hali ya hatari na maelfu ya Wakenya wakiwa vizuizini. Anayezikumbuka barabara za siku hizo kwa furaha tupu amesahau ni nani aliyeruhusiwa kuzipita. Hata gari la baba halikuwa malaika. Kiti chake cha nyuma hakikuwa na mikanda ya usalama. Lilitumia petroli yenye risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, ambayo nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006. Mimi sitaki tuirudie petroli hiyo, wala simshauri mtu kupeleka watoto shuleni kila siku katika gari lisilo na mikanda. Lililo langu sasa hutoka mara chache kwa mwezi, nasi tumelitia mikanda kila kiti. Mzee alinung'unika kuhusu mikanda hiyo, lakini alinisamehe.

Ninachokipinga ni dhana kwamba kilichopitwa na wakati hakina cha kufunza. Sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi umri wa miaka minane. Maana yake ni kwamba magari makuukuu tuliyo nayo ndiyo hayo hayo. Likishakatwa moja likapimwa kwa kilo, hakuna linalokuja mahali pake. Na mafundi wa aina ya mzee wangu hawaingizwi kutoka ng'ambo hata kidogo. Huenda yule kijana mwenye kompyuta akawa fundi mwema, wala simdharau. Lakini kompyuta humwambia kipande kilichokufa bila ya kumwambia kwa nini kimekufa. Aliyejifunza juu ya injini anayoweza kuiona, kuigusa na kuisikia huelewa hata ile iliyofichwa chini ya vifuniko vya plastiki. Msichana yule wa Kariobangi amekwisha kuthibitisha jambo hilo, kwani siku hizi ni yeye ambaye wenzake humwita wanapokwama na magari mapya.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Mtaala wetu wa umilisi unatutaka tuwafunze wanafunzi kutenda na kuchunguza, na walimu wengi hulalamika kwamba shule hazina vifaa. Mara nyingi kifaa kipo umbali wa dakika kumi kutoka lango la shule, kimelala juu ya mawe manne kwenye gereji fulani, na mwalimu wake ameketi kando akinywa chai. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi wawapeleke wanafunzi huko pamoja. Wasiende na hojaji ndefu. Wamwombe mzee afungue kitu kimoja tu, kabureta au pampu ya maji, aeleze kinavyofanya kazi, naye mwanafunzi aandike na kuchora. Kisha mzee asomewe yaliyoandikwa, na asahihishe. Shule mia moja zikifanya hivyo kwa mwaka mmoja, tutakuwa na maktaba ya ufundi kwa Kiswahili ambayo idara zetu za vyuo vikuu, pamoja na yangu, hazijaweza kuiandika.

Nawaomba wahadhiri nao tuache kujivunia orodha za istilahi zisizo na mwenyewe. Tumebuni maneno mengi ya sayansi tukiwa ofisini, na mengi yamefia humo. Fundi hubuni neno akiwa na spana mkononi, na siku inayofuata mwanagenzi analitumia. Yafaa twende kumsikiliza kabla ya kumsahihisha, na tuandike pia kile ambacho neno lake hufanya.

Tulilipeleka gari nyumbani mwezi wa Agosti mwaka uo huo. Mama alikataa kiti cha mbele. Aliingia nyuma, akafunga mkanda baada ya kubishana nasi kidogo, akaufungua dirisha kwa mkono kama alivyozoea. Tulikwenda hadi sokoni na kurudi, nami sikuthubutu kuzidi kilomita arobaini kwa saa. Tulipofika alishuka, akaupigapiga mlango mara mbili, akaniambia kwamba baba yangu hakuwa akiendesha kwa fujo namna ile.

Daftari lile la kurasa 96 na mwenziwe hukaa ndani ya gari, katika kijisanduku cha dashibodi, mahali ambapo fundi alikuta vipande vitatu vya chaki vya marehemu baba. Nakala yake anayo msichana wa Kariobangi, naye amekwisha kuongeza kurasa zake mwenyewe.